Broka ni Nani? Maana na Chimbuko la Neno Linalotajwa Kila Bonasi ya Chai Ikishuka

Kama umekulia Litein, Kapkatet ama Mogogosiek, hili neno ulilisikia kabla hujajua kusoma. Bonasi ikishuka, lawama ni za mabroka. Lakini broka ni nani hasa?

Neno lenyewe ni la Kiingereza, nao Waingereza walilitoa kwa Kifaransa cha zamani. Inaaminika mwanzoni lilimaanisha msee wa kutoboa mapipa ya divai na kuuza rejareja. Eeh, broka wa kwanza alikuwa mtu wa keg! Baadaye likawa jina la mtu wa katikati. Pwani walikuwa na lao, dalali, kutoka Kiarabu dallal, mwenye kuonyesha njia. (Siku hizi ukisema dalali, wengi wanafikiria yule wa kubeba sofa ukishindwa kulipa loni.) Broka halisi anakutanisha muuzaji na mnunuzi, anakula kamisheni. Mali si yake.

Sasa cheki chai. Majani ya mathee yakishapita kiwanda cha KTDA, mengi huenda mnada wa Mombasa, ule ulioanzia Nairobi 1956 ukahamia Mombasa 1969. Huko broka ni kampuni yenye leseni. Inaonja chai, inaikadiria bei, inaiuza kwa niaba ya kiwanda.

Yule wa kando ya barabara na pikapu na mizani? Huyo si broka hata kidogo. Ananunua majani mabichi, yanakuwa yake, anaenda kuyauzia kiwanda kingine. Kiswahili kina jina lake: mchuuzi. Biashara yenyewe ndiyo ile wasee huita soko huru.

Tofauti iko kwa mfuko. KTDA hulipa kidogo kila mwezi, halafu bonasi inakuja baada ya mwaka wa fedha kuisha Juni. Mchuuzi anakupea doo leo, na kilo ulizompa hazihesabiwi kwa bonasi yako. Karo ikidaiwa Jumatatu, mimi siwezi kukucheka. Ila kiwanda kikikosa majani, kuni na mishahara bado vinalipwa, na gharama ya kila kilo inapanda hadi kwa jirani ambaye hakuuza nje.

Kwa hivyo mwanasiasa akisimama Bomet apige kelele juu ya mabroka, muulize ni wa Mombasa ama wa pikapu. Sheria ya kumbana mmoja haimgusi mwingine.