Sarafu Iliyobanwa

Sarafu huishi kwa maandishi yake. Kipande cha shaba ni shaba tu, mpaka dola ikipige chapa. Hapo ndipo kinapopata nguvu ya kununua mkate. Basi huwaje mtu anapoitwaa sarafu halali, akaifuta chapa ya dola kwa hiari yake, akaweka maneno mengine?

Desturi hiyo ilipata umaarufu Chicago, nchini Marekani, mwaka 1893. Mji huo ulifanya maonyesho makubwa ya kuadhimisha miaka 400 tangu Christopher Columbus afike Amerika. Huko, senti ilipitishwa baina ya vyuma viwili vya mviringo vinavyozunguka, mfano wa muwa unavyopita katika mashine ya kukamulia. Chuma kimoja kilichongwa maneno kinyumenyume. Senti iliingia ikiwa duara, ikatoka nyembamba na ndefu, yenye umbo la yai, imebeba jina la maonyesho na mwaka wake. Haikununua kitu tena. Ilibaki kuwa ukumbusho.

Senti ya zama hizo ilikuwa na sura ya mwanamke, nembo ya Uhuru, aliyevikwa taji la manyoya ya ndege la wenyeji wa asili wa bara lile. Kwa hiyo jina la maonyesho ya Columbus lilikandamizwa juu ya vazi la watu aliowakuta. Sidhani kama waliozungusha mashine walikusudia fumbo hilo, lakini shaba imelihifadhi. Aghalabu sura ya mwanzo haifutiki yote: ukiielekeza sarafu kwenye mwanga, utakiona kivuli chake kimenyooshwa chini ya maandishi mapya.

Sheria ya Marekani inakataza kuharibu sarafu kwa nia ya kudanganya. Anayeibana kwa ukumbusho hamdanganyi mtu. Mwaka 1966 wakusanyaji waliunda chama chao, na mashine zikaenea katika majumba ya makumbusho, bustani za wanyama na vituo vya watalii. Wajuzi huzichagua senti za kabla ya mwaka 1982, zilizokuwa na asilimia 95 ya shaba. Za baada ya hapo ni zinki iliyopakwa shaba kidogo, na zikibanwa hutoa michirizi ya kijivu.

Wapenzi wa ushairi wa mwambao hawatashangaa kuambiwa kuwa sarafu ni kitu cha kusomwa. Masultani wa Kilwa walipiga sarafu za shaba zenye maneno ya Kiarabu: upande mmoja jina la mtawala, upande wa pili kumtegemea kwake Mwenyezi Mungu. Vina vya pande hizo mbili huitikiana, kama ukwapi na utao. Sarafu hizo, zilizochimbuliwa Kilwa na Mafia, hazina soko tena la kununulia chochote. Usultani uliozipa nguvu umekwisha, kina kimebaki.

Sasa senti ya Marekani nayo imeanza safari hiyo. Tarehe 12 Novemba 2025, mjini Philadelphia, zilipigwa senti za mwisho za matumizi ya kawaida, baada ya miaka 232, kwa kuwa kuitengeneza moja kuligharimu zaidi ya senti tatu. Zilizomo mikononi mwa watu bado ni halali. Hata hivyo, baadhi ya mashine za siku hizi huwa na vipande vyake vitupu ndani, na msafiri hatoi sarafu yake.

Mashine hizo zitaendelea kutoa ukumbusho mzuri, wenye herufi safi. Kitakachokosekana ni kile kivuli cha chini. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Senti iliyobanwa ilikuwa mali na daftari kwa pamoja: ilionyesha mtu alipofika, na pia alichokubali kukipoteza, japo kidogo, ili akumbuke. Kipande kitupu kina habari ya kwanza tu.