Mgeni Njoo, Mwenyeji Apone: Historia ya Mwalimu wa Kiswahili Griftu

Kila mtahiniwa anaijua methali isemayo 'mgeni njoo, mwenyeji apone'. Anaijua pia 'mgeni siku mbili. Ya tatu mpe jembe'. Darasani tunazifafanua kwa dakika chache, kisha tunasonga mbele. Hapa Griftu, Wajir Magharibi, methali hizi hazipiti upesi hivyo. Mgeni wa huku ana kazi inayojulikana: ni mwalimu. Makala haya yanakusudia kuonyesha jinsi historia ilivyomfanya mwalimu wa Kiswahili kuwa mgeni, na hasara inayopatikana anapoondoka.

Tuanze na ukoloni. Serikali ya Kiingereza iliigawa elimu ya Kenya kwa misingi ya rangi: Wazungu shule zao, Waasia zao, Waarabu zao na Waafrika zao. Kaskazini kulikuwa na ukuta wa pili. Kuanzia 1926 Wilaya ya Mpaka wa Kaskazini ilifungwa kisheria. Mtu hakuingia wala kutoka bila kibali. Shule zilizojengwa zilikuwa chache mno, na pasipo shule hapatoki walimu.

Baada ya uhuru, Tume ya Ominde ya 1964 ilipendekeza shule zisizobagua rangi. Hata hivyo, Kaskazini Mashariki uhuru uliandamana na vita vya Shifta (1963–1967) na sheria za hali ya hatari zilizodumu hadi 1991. Waraka wa Serikali Nambari 10 wa 1965 nao ulielekeza fedha za maendeleo kwenye sehemu zenye mvua na ardhi nzuri. Wafugaji wakabaki nyuma.

Mfumo wa 8-4-4 ulipoanza 1985, Kiswahili kikawa somo la lazima lenye mtihani. Lugha ya nyumbani huku ni Kisomali. Wa kukifundisha Kiswahili wangetoka wapi? Wengi walitoka mbali: Magharibi, Nyanza, Ukambani, Mlima Kenya na Pwani. Ifahamike kuwa mwaka mmoja tu kabla ya hapo, Februari 1984, wanajeshi walikuwa wameua watu wengi katika uwanja wa ndege wa Wagalla, karibu na mji wa Wajir. Kwa mtoto wa Wajir, mtu wa bara aliyemfahamu alikuwa askari. Mwalimu alikuja na chaki badala ya bunduki. Hapo ndipo mgeni alipompa mwenyeji tiba.

Ukurasa uliofuata ni wa majonzi. Tarehe 22 Novemba 2014, magaidi wa Al-Shabaab waliliteka basi lililotoka Mandera wakawaua abiria 28 wasiokuwa Waislamu, wakiwemo walimu waliokuwa wakienda nyumbani likizoni. Aprili 2015 watu 148 waliuawa katika Chuo Kikuu cha Garissa. Februari 2018 walimu wawili wasio wenyeji na mke wa mmoja wao waliuawa Qarsa, Wajir. Januari 2020 walimu watatu waliuawa Kamuthe, Garissa. Kila mara walimu waliomba uhamisho, na shule nyingi zikabaki bila walimu wa kutosha.

Je, tumlaumu aliyeondoka? La hasha. Hakuna mtaala unaomtaka mwalimu afe. Lakini tusimsahau mwanafunzi aliyebaki. Karatasi ya tatu ya Kiswahili, yaani fasihi, ni ile ile kwa mtahiniwa wa Griftu na wa Mombasa. Mmoja amesomewa riwaya darasani kwa sauti. Mwingine amejisomea peke yake katika lugha asiyoisikia nyumbani.

Wapo wanaosema dawa ni kuwafunza wenyeji ualimu. Nakubaliana nao, ila nusu. Kijana wa Griftu anayefundisha Kiswahili huwaonyesha wadogo zake kuwa lugha hii ni yao pia. Lakini shule yenye walimu wa kabila moja na dini moja, iwe Wajir au Nyeri, inamnyima mwanafunzi somo ambalo halimo kitabuni. Na njia iwe ya pande mbili: mwalimu Msomali naye afundishe Kakamega na Machakos.

Mkumbuke mwalimu Salah Farah. Desemba 2015, basi lao liliposhambuliwa karibu na El Wak, yeye na Waislamu wenzake walikataa kutenganishwa na abiria Wakristo. Alipigwa risasi, akafariki Januari 2016. Hapo mwenyeji ndiye aliyemponya mgeni.

Ndugu mtahiniwa, ukiulizwa kuhusu ukabila katika riwaya, usiishie kuorodhesha maudhui. Uliza nani amefanywa mgeni, na nani alimfanya hivyo. Nawe mwalimu mwenzangu, jembe letu ni chaki. Anayelishika hadi siku ya tatu si mgeni tena. Wajibu uliobaki ni wa kumhakikishia kuwa ataifikia siku ya nne akiwa hai.