Bakteria Walinzi wa Meno: Wazo Kongwe, Ushahidi Mchanga

Mwaka 1683, Antonie van Leeuwenhoek, mfanyabiashara wa vitambaa wa Delft, Uholanzi, alikwangua ukoga katikati ya meno yake, akauchanganya na maji ya mvua na kuutazama kwa hadubini aliyoiunda mwenyewe. Akaona vijidudu vikiogelea, ingawa alizoea kusugua meno kwa chumvi kila asubuhi. Lawama ziliviangukia miaka 200 baadaye. Mwaka 1890 W. D. Miller, daktari wa meno Mmarekani aliyefanya utafiti Berlin, alieleza kuwa bakteria wa kinywani huchachusha sukari na wanga, na asidi inayotokea ndiyo inayolimomonyoa jino. Tangu hapo bakteria wa kinywani walitazamwa zaidi kama maadui wa kuuawa.

Hata hivyo, mwaka 1907 Élie Metchnikoff wa Taasisi ya Pasteur, Paris, alitetea hoja nyingine: maziwa ya mgando waliyokunywa Wabulgaria yana bakteria wanaowadhibiti wenzao waharibifu tumboni. Hoja hiyo ilichelewa kufika kinywani. Mwaka 2001 watafiti wa Helsinki walichapisha matokeo ya watoto 594 wa vituo vya kulelea watoto, waliopewa maziwa kwa miezi 7, maziwa ya baadhi yao yakiwa na bakteria aina ya Lactobacillus rhamnosus GG. Waliopata bakteria hao walikuwa na meno machache zaidi yaliyooza, hasa wenye miaka 3 hadi 4.

Mpinzani atauliza: si laktobasila hao hao hukutwa ndani ya jino bovu, na madaktari wa meno wamekuwa wakiwahesabu katika mate kupima hatari ya kuoza? Ni kweli, lakini jamii moja haina tabia moja. GG hachachushi sukari ya mezani wala ya maziwa. Pingamizi zito zaidi ni kwamba bakteria hawa kwa kawaida hutoweka kinywani mtu akiacha kuwatumia. Tena utafiti wa aina moja hauthibitishi kila mtindi wa dukani, ambao mara nyingi umetiwa sukari, chakula cha bakteria wale wale aliowashtaki Miller. Probayotiki, yaani bakteria walinzi kama hawa, basi ni msaidizi anayestahili kuchunguzwa zaidi. Kazi yenyewe bado ni ya mswaki, dawa ya meno yenye floridi na kupunguza sukari.