Waliokaa katika Boma la Arusha



Ukiufuata mtaa wa Barabara ya Boma katika mji wa Arusha, upande wa kuelekea mlimani, utafika kwenye jengo jeupe la kale, lenye kuta nene na mnara juu ya lango lake. Watu wengi hupita mbele yake kila siku wakienda kazini au sokoni, wala hawalitazami mara mbili. Leo twataka kueleza habari za jengo hilo: ni nani waliokaa ndani yake, mmoja baada ya mwingine, na mambo yaliyowapata watu waliokaa nje yake.

Nyumba ya ukoo husimuliwa kwa kumtaja babu, kisha mwana, kisha mjukuu. Nyumba hii haikuwa na ukoo. Funguo zake hazikupita kwa urithi; zilipita kwa vita, kisha kwa mapatano ya mataifa, kisha kwa amri ya Serikali. Kwa hiyo anayetaka kuijua imempasa kuuliza kwa kila zamu maswali mawili: nani aliingia, na nani alilipa gharama yake?

Tuanze na jina lenyewe. Boma, kwa asili yake, ni ua wa miti, au wa miiba, au wa mawe, uliozungushwa nyumba na mifugo ili kuvikinga na adui na wanyama wakali. Zamani kila mzee mwenye ng'ombe katika nchi hii alikuwa na boma lake, na ndani yake ndiye aliyekuwa mwenye amri. Wageni walipojenga ngome zao, watu wakaziita kwa neno lilo hilo. Baadaye, kwa kuwa ofisi za utawala zilikuwa katika ngome, neno likahamia kwenye ofisi. Hata leo mtu wa shamba aweza kukwambia kwamba aenda bomani, maana yake ni kwenda kwenye ofisi ya wilaya. Hivyo neno lililokuwa kinga ya mwenye nyumba likawa jina la mahali ambapo mwenye nyumba huitwa kwenda kujibu.

Sasa twende kwenye kiwanja kabla ya kujengwa. Miteremko ya Mlima Meru ilikuwa na wenyewe. Wameru walitangulia, wakalima migomba yao upande wa mashariki chini ya Mangi wao. Waarusha wakaja baadaye, katika miaka ya 1830, wakitoka Arusha Chini, wakakaa upande wa magharibi na kusini. Hawa hawakuwa na mfalme mmoja. Mambo yao yaliamuliwa na wazee na kwa mpango wa marika, kila rika likiwa na wasemaji wake waitwao malaigwanani. Mito kama Themi na Naura ilishuka kutoka mlimani na kunywesha mashamba. Hao ndio watu wa kwanza wa mahali pale, ingawa majina yao hayakuandikwa juu ya lango.

Mwezi wa Oktoba 1896 walifika huko Akeri, katika nchi ya Meru, wamisionari wawili wa Misheni ya Leipzig, Ewald Ovir na Karl Segebrock. Kapteni Johannes, mkuu wa Wajerumani huko Moshi, alikuwa karibu na mahali hapo pamoja na askari wake. Usiku mmoja vijana wa vita wa Arusha na Meru walishambulia, na wamisionari wale wawili wakauawa, pamoja na baadhi ya Wachaga waliofuatana nao. Sisi tuliolelewa katika shule za misheni tulifundishwa habari hii tungali wadogo, na ni haki kuwakumbuka watu wale, kwa maana walikufa mbali sana na kwao. Walakini aliyefundishwa kuhesabu makaburi mawili na afundishwe pia kuendelea kuhesabu. Johannes alirudi na askari, na pamoja nao Wachaga wengi waliochukuliwa kuwa wasaidizi wa vita. Nyumba zilichomwa moto, migomba ikakatwa, na ng'ombe wakachukuliwa. Mashambulio hayo hayakuwa ya mara moja tu.

Kisha ukaja mwaka wa 1900. Tarehe 2 Machi mwaka ule, Wajerumani waliwanyonga viongozi 19 huko Moshi. Miongoni mwao walikuwamo Mangi Meli wa Moshi, Molelia wa Kibosho, na Lobulu, Mangi wa Meru. Na viongozi wa Waarusha nao hawakusalimika. Katika mwaka huo huo ndipo Boma la Arusha liliposimamishwa. Mambo mawili hayo hayafai kutengwa. Kuta zile zilijengwa na Waarusha na Wameru wenyewe kwa kulazimishwa, wakati ambapo wazee ambao wangeweza kuwasemea walikuwa wamekwisha kunyongwa.

Mkaaji wa kwanza wa Boma, basi, alikuwa jeshi. Mkuu wake wa mwanzo alikuwa Luteni Georg Küster, ambaye wenyeji walimpa jina la Bwana Fisi. Wazee wetu hawakuandika vitabu juu ya utawala wake, lakini jina lile lilibaki. Pamoja na maofisa walikaa askari Waafrika waliotolewa nchi nyingine. Humo ndimo kesi zilimoamuliwa na kodi ilimopokewa. Nje ya lango kukaanza mji: wafanyaji biashara wa Kihindi na wa Kiarabu wakafungua maduka yao, na njia ya kwenda ngomeni ikawa mtaa. Wamisionari nao walirudi, wakaanza kazi Nkoaranga mwaka 1902 na Ilboru mwaka 1904. Wakaja na walowezi, nao Wajerumani na Makaburu, wakapewa mashamba makubwa chini ya mlima. Kwa njia hiyo watu wa mlimani wakajikuta wamezungukwa: juu yao msitu uliohifadhiwa, chini yao mashamba ya wageni.

Mkaaji wa kwanza alitoka kwa namna ile ile aliyoingia. Mwezi wa Machi 1916, katika Vita Kuu ya kwanza, majeshi ya upande wa Waingereza yaliiteka Arusha, na Boma likapata bwana mwingine. Baada ya vita Tanganyika ikawekwa chini ya Uingereza kwa idhini ya Shirikisho la Mataifa, na Arusha ikawa makao makuu ya Jimbo la Kaskazini. Bendera ilibadilika, na lugha ya barua ikabadilika. Lakini kodi iliendelea kupokewa, na mtu aliyeitwa bomani bado alisimama akingoja. Reli kutoka Moshi ilifika mjini mwaka 1929, kahawa ikasafirishwa kwa urahisi, mji ukapanuka. Hayo ni maendeleo, wala hatuyakani. Ila mashamba yaliyonyang'anywa Wajerumani kwa sababu ya vita hayakurudishwa kwa watu wa mlimani isipokuwa kwa sehemu tu. Mengi yaliuzwa tena kwa walowezi wengine.

Jambo hilo lilifika kilele chake mwezi wa Novemba 1951, Serikali ilipowaondoa Wameru wapatao 3,000 kutoka Engare Nanyuki ili nchi yao igawiwe Wazungu wafugaji. Safari hii watu hawakuchukua mikuki. Walichanga fedha zao, wakamtuma Kirilo Japhet kwenda kwenye Umoja wa Mataifa, naye mwaka 1952 akasema mbele ya dunia neno ambalo Boma halikutaka kulisikia. Ardhi haikurudishwa siku zile. Lakini tangu hapo ilijulikana kwamba lango la Boma silo mwisho wa njia ya mwenye haki.

Tanganyika ilipata Uhuru wake tarehe 9 Desemba 1961, na nyumba ikawa mali ya Serikali ya wananchi. Mwaka 1987 likafunguliwa humo Makumbusho ya Taifa ya Elimu Viumbe. Ndani yake zaelezwa habari za wanyama, za wadudu, na za asili ya mwanadamu, pamoja na zile nyayo za Laetoli, zilizokanyagwa katika majivu ya volkano miaka milioni 3.6 iliyopita. Hivyo mkaaji aliyekuja mwisho katika nyumba hii ndiye mkongwe kupita wote.

Tuliwahi kuwapeleka huko wanafunzi wetu wa ualimu, tukawaagiza waandike orodha ya waliokaa katika Boma. Karibu wote waliandika vizuri: Wajerumani, Waingereza, Serikali yetu, Makumbusho. Mmoja akainua mkono akauliza, "Waliochukua mawe walilala wapi?" Tulinyamaza kidogo kabla ya kumjibu. Orodha yetu ilikuwa sahihi kwa kila mstari, na juu ya hayo ilikuwa imewasahau watu ambao bila wao kusingekuwa na nyumba ya kuorodhesha. Walilala kwao, katika maboma yao ya miti na miiba, ambayo yameoza zamani. Kulipopambazuka wakarudi kwenye mawe. Tuliwaambia wanafunzi waongeze mstari mmoja juu kabisa ya orodha, nao wakauongeza.

Kwa hiyo, wasikilizaji wetu, mkipata nafasi, ingieni mle ndani pamoja na watoto wenu. Lango ambalo babu zao walilipita kwa hofu, wao watalipita wakicheka, na hilo ni jema. Lakini kabla hawajakimbilia kutazama wanyama na nyayo, wasimamisheni kidogo ukutani, waweke mikono yao juu ya jiwe, mkawaambie lilichukuliwa na nani. Kwaherini.