Mkono wa Miriam

Katika Injili twakutana na waandishi mara nyingi, na kwa kawaida twawakuta wakishindana na Bwana wetu. Kwa hiyo tumezoea kuwafikiria vibaya. Lakini kazi yao ya asili ilikuwa njema: kuyanakili maandiko matakatifu kwa mkono ili yasipotee.

Wayahudi wangali na waandishi wa namna hiyo. Gombo la Torati linalosomwa katika sinagogi halipigwi chapa hata leo. Huandikwa kwa wino mweusi juu ya ngozi ya mnyama aliye safi, herufi 304,805, na kazi yaweza kuchukua mwaka mzima au zaidi. Herufi moja ikikosekana, gombo halifai mpaka litengenezwe.

Je, mwanamke aweza kuliandika? Talmudi ya Babeli yajibu kwamba hawezi. Walimu wake walitazama Kumbukumbu la Torati 6:8-9, ambapo amri ya kuyafunga maneno mkononi yafuatana na ile ya kuyaandika milangoni. Wakasema, anayepaswa kufunga ndiye awezaye kuandika. Mwanamke hakulazimishwa kufunga, basi na asiandike. Angalieni, hawakusema kwamba mkono wake ni mchafu au kwamba hajui herufi.

Tena sheria hiyo ilihusu gombo la ibada. Kitabu cha kurasa, cha kujifunzia, kilikuwa na nafasi zaidi. Huko San'a, katika nchi ya Yemen, yapata miaka 500 iliyopita, aliishi mwandishi hodari aitwaye Benayahu. Binti yake Miriam alijua kazi ya baba yake, naye akavinakili vitabu vitano vya Musa. Mwishoni alitia neno la kuwasihi wasomaji: wakiona kosa wasimlaumu, kwa maana yeye ni mama anyonyeshaye. Msafiri Jacob Saphir wa Yerusalemu, aliyefika Yemen katika karne ya 19, ndiye aliyetuhifadhia habari hiyo.

Kila mama anisikilizaye aijua hali ile. Mtoto analia, wino haujakauka, na mstari haujakwisha. Mimi nilipokuwa chuo cha theolojia nilijaribu kunakili Zaburi moja kwa Kiebrania. Kufika mstari wa tatu nilikwisha kuruka neno, wala hapakuwa na mtoto wa kunisumbua!

Mwaka 2007 Jen Taylor Friedman alimaliza gombo zima kwa ajili ya sinagogi moja huko St. Louis, Marekani. Ndiye mwanamke wa kwanza ajulikanaye kufanya hivyo. Wayahudi wanaoishika sheria ya kale kwa ukali hawawezi kulisoma katika ibada zao; wengine hulisoma kwa furaha.

Mimi ni mgeni katika shauri lao, wala si juu yangu kuwaamulia. Ila nikisoma 2 Wafalme 22 hukawia kidogo. Kitabu cha torati kimeonekana hekaluni, mfalme Yosia amerarua mavazi yake, na wajumbe wametumwa kuuliza neno la Bwana juu ya kitabu hicho. Wakaenda kwa Hulda nabii, mke wa Shalumu mtunza mavazi. Na katika wale waliopiga hodi kwake, mmoja alikuwa Shafani, mwandishi.