Vitenzi Sababishi vya Kiingereza na Mzani wa Lawama

Mfasiri wa riwaya au tamthilia ya Kiingereza hukabiliwa mara kwa mara na vitenzi vinne vidogo vya mazungumzo: "make", "have", "get" na "let". Kwa kuwa Kiswahili kina kauli ya kutendesha iliyo hai, huwa rahisi kuviweka vyote chini ya kiambishi kimoja. Mhusika "alimwimbisha" mwenziwe, basi. Lakini je, alimlazimisha, alimwagiza, alimshawishi, au alimwacha tu aimbe?

Kihistoria, Kiingereza nacho kilitokana na lugha iliyonyambua vitenzi kwa kiambishi tamati. Mabaki yake yamo katika jozi kama "sit" na "set", yaani kuketi na kuketisha, au "fall" na "fell", yaani kuanguka na kuangusha mti. Kiambishi hicho kilipofifia, vitenzi huru vilishika nafasi yake. Katika Kiingereza cha Kati, enzi ya Chaucer aliyefariki mwaka 1400, "do" kilitumika kwa maana ya kusababisha. Baadaye "make" kikatwaa nafasi hiyo, na "do" kikabaki kitenzi kisaidizi cha maswali na ukanushi. "Get", chenye asili ya lugha ya kale ya Skandinavia, kilimaanisha kupata; "let" kilimaanisha kuacha.

Asili hizo hazijafutika. "Make" hubeba shinikizo linaloshinda hiari ya mtendeshwaji. "Have" hubeba mamlaka au mapatano ya kawaida, kama ya mteja kwa fundi: hiari haijadiliwi. "Get" huashiria juhudi, ubembelezi au hila, kwa sababu upinzani ulitarajiwa. Katika kauli ya kutenda, ndicho pekee kati ya vinne hivi kinachodai "to" kabla ya kitenzi kinachofuata. "Make" hukidai kijineno hicho kinapogeuzwa kuwa kauli ya kutendwa, ingawa katika Biblia ya Kiingereza ya mwaka 1611 huonekana hata penye kauli ya kutenda. "Let" huondoa kizuizi tu.

Tofauti hizi si za kisarufi pekee. Aliyeagiza mauaji, aliyemshurutisha mwingine kuua, aliyemrubuni, na yule aliyenyamaza mauaji yakitendeka, hawana hatia sawa. Fasiri inayowafunika wote kwa kauli moja ya kutendesha humnyima msomaji mzani wa kupimia lawama. Kiswahili hakikosi maneno: kushurutisha, kuagiza, kurubuni na kuacha yapo. Linalompasa mhakiki wa tafsiri ni kuuliza kwanza hiari ilikuwa ya nani.