Civilian Conservation Corps

Civilian Conservation Corps, au CCC kwa kifupi, kilikuwa kikosi cha vijana wa kiume wa Marekani waliofanya kazi za kuhifadhi misitu, udongo na hifadhi za taifa kati ya mwaka 1933 na 1942. Waliishi kambini, wakilishwa na kuvishwa na serikali. Karibu vijana milioni 3 walipitia humo.

Kikosi kilizaliwa katika shida. Mwaka 1933 takriban mfanyakazi mmoja kati ya wanne nchini Marekani hakuwa na kazi, na vijana wengi walizurura wakidandia treni za mizigo kutafuta vibarua. Ardhi nayo ilikuwa hoi: misitu ilikwisha kufyekwa bila kupandwa upya, na mvua ilichimba makorongo mashambani. Rais Franklin D. Roosevelt aliapishwa tarehe 4 Machi. Tarehe 31 mwezi huohuo akatia saini sheria iliyowezesha kikosi hicho, na tarehe 17 Aprili kambi ya kwanza ikafunguliwa karibu na Luray, Virginia. Ni serikali chache zilizowahi kutenda kwa kasi hiyo. Wizara ya Kazi iliandikisha vijana, Jeshi likaendesha kambi, na kazi yenyewe ikapangwa na Wizara ya Kilimo pamoja na wizara inayosimamia hifadhi za taifa. Vyama vya wafanyakazi vilihofia kwamba ujira wa dola moja kwa siku, tena chini ya maofisa wa jeshi, ungeshusha mishahara ya wote. Roosevelt akavituliza kwa kumteua Robert Fechner, kiongozi wa chama cha mafundi mitambo, kuwa mkurugenzi.

Mwanzoni aliyeandikishwa alitakiwa awe na umri wa miaka 18 hadi 25, asiwe na kazi wala mke. Muhula ulikuwa miezi 6, na uliweza kurudiwa. Alilipwa dola 30 kwa mwezi, na takriban 25 kati ya hizo zilitumwa moja kwa moja kwao. Huu ndio moyo wa mpango wote: kijana aliyekuwa mzigo nyumbani akawa ndiye anayelipa kodi ya nyumba na deni la duka.

Kambi moja ilikuwa na watu wapatao 200, kwanza kwenye mahema, baadaye kwenye mabweni ya mbao. Waliamshwa kwa tarumbeta alfajiri, wakala, wakapanda malori kwenda porini na mashoka, makoleo na sururu. Wengi walikuwa watoto wa mjini ambao hawakuwahi kushika shoka, kwa hiyo kila kambi iliajiri wenyeji wazoefu, wakataji miti na waashi wa eneo lile, wawafundishe. Jioni kulikuwa na madarasa. Maelfu kwa maelfu walijifunza kusoma na kuandika humo.

Walipanda miti inayokadiriwa kufikia bilioni 3, wakajenga maelfu ya minara ya kulinda misitu dhidi ya moto, wakachimba makingamaji na kutengeneza mamia ya bustani za majimbo. Ukumbi wa wazi wa Red Rocks karibu na Denver, uliofunguliwa mwaka 1941 katikati ya miamba myekundu, ni kazi ya mikono yao, na muziki bado unapigwa hapo. Kazi ilikuwa na hatari zake: mwezi Agosti 1937 moto wa Blackwater, Wyoming, uliua wazimamoto 15, wengi wao vijana wa kikosi.

Haraka ilizaa makosa pia. Mwanaikolojia Aldo Leopold, aliyewahi kusimamia kazi za kuzuia mmomonyoko katika kambi hizo, alilalamika kwamba kundi moja lilikata ukingo wa udongo ili kupitisha barabara na kuutibua mto uleule ambao kundi jingine lilikuwa likiutengenezea samaki. Wengine walipanda misonobari mahali pekee palipobaki wazi kwa malisho ya paa. Hoja yake ilikuwa ya haki: mikono ilikuwa mingi kuliko fikra.

Doa kubwa zaidi ni ubaguzi. Oscar De Priest, mbunge mweusi kutoka Illinois, alifanikiwa kuingiza katika sheria kifungu kinachokataza ubaguzi wa rangi katika uandikishaji. Hata hivyo, mwaka 1935 Fechner aliagiza kambi zitenganishwe, na zaidi ya vijana weusi 200,000 wakatumikia wakiwa wametengwa, mara nyingi chini ya maofisa weupe. Wazawa wa asili wa Marekani walikuwa na idara yao, wakifanya kazi kwenye ardhi zao wenyewe. Wanawake hawakuandikishwa kabisa. Eleanor Roosevelt, mke wa rais, aliwatafutia kambi za pembeni, zilizopokea takriban 8,500 tu kabla ya kufungwa mwaka 1937.

Kilele kilikuwa mwaka 1935, vijana zaidi ya 500,000 walipokuwa kambini kwa wakati mmoja. Marekani ilipoingia katika Vita vya Pili vya Dunia, Bunge lilikata fedha katikati ya mwaka 1942. Vikosi vilivyofuata, kikiwemo kile cha California kilichoanzishwa mwaka 1976 na gavana Jerry Brown, vinaandikisha wanawake na wanaume wa rangi zote, lakini hakuna hata kimoja kilichokaribia ukubwa wa CCC.